Majimbo ya Marekani yanayoshikilia rekodi za bima

Marekani haina kamishna mmoja wa bima kwa nchi nzima. Sheria ya McCarran-Ferguson ya mwaka 1945 ilithibitisha kwamba kazi ya kuzisimamia kampuni za bima iko mikononi mwa majimbo. Kila jimbo lina kamishna wake, kodi yake na masharti yake, na yote yanavutana kugombea kampuni zilezile. Katika mvutano huo kuna walioweka rekodi.

Rekodi ya jina kubwa kuliko umbo ni ya Hartford, Connecticut. Mji huu una wakazi wasiofika 130,000, na kwa miaka mingi umejiita makao makuu ya bima ya dunia. Wengi hudhani siri ni unafuu wa kodi. Mimi naona siri ni usiku wa tarehe 16 Desemba 1835, New York ilipoungua. Baridi ilikuwa kali hata mto ukaganda, na wazima moto wakawa wanatoboa barafu wapate maji. Mamia ya majengo yaliteketea. Kati ya kampuni 26 za bima ya moto zilizokuwa New York, 23 zilifilisika, na wateja wakabaki na karatasi mikononi. Eliphalet Terry, rais wa kampuni ya Hartford iliyoanzishwa mwaka 1810, alipanda gari la theluji la kukokotwa na farasi akaenda hadi New York. Kwanza aliweka mali yake mwenyewe rehani benki. Alipofika alilipa fidia zote, kisha akaanza kukata bima mpya palepale, majivu yakiwa bado yanafuka. Watu wakapanga foleni.

Sifa hiyo ndiyo iliyowavuta wengine. Aetna ilizaliwa hapo mwaka 1853. Travelers ikafuata, na bima yake ya kwanza ya ajali huenda ndiyo ya bei ndogo kuliko zote: senti 2, kumkinga bwana mmoja wa benki akitembea kutoka posta hadi nyumbani. Alifika salama. Kampuni zilipokaa jirani, wataalamu wakawa hapohapo, na Chuo Kikuu cha Connecticut kinaendelea kufundisha wakokotoaji wa hatari. Hata mshairi Wallace Stevens, aliyepata tuzo ya Pulitzer mwaka 1955, alikuwa makamu wa rais wa kampuni ya bima mjini humo.

Kwa kodi ndogo, anayetajwa mara nyingi ni Iowa, iliyoshusha kodi ya ada za bima kutoka asilimia 2 hadi 1 mwanzoni mwa karne hii. Hapa pana ujanja ambao wengi hawauoni. Majimbo karibu yote yana kodi ya jino kwa jino: kampuni ya Iowa ikienda kufanya biashara kwa jirani, hutozwa kiwango ambacho Iowa huwatoza wageni, iwapo ni kikubwa kuliko cha huko. Kwa hiyo Iowa ikipandisha kodi, wanaoumia ni wanawe walio ugenini. Kuishusha ni kuwapa nauli.

Vermont ndiyo inayonishangaza zaidi. Ina watu wasiofika 700,000, milima na ng'ombe wa maziwa, lakini inaongoza Marekani kwa kampuni ambazo mashirika makubwa huzianzisha ili yajikatie bima yenyewe. Ilitunga sheria yake mwaka 1981, ikaajiri wakaguzi wanaoijua kazi hiyo, na tangu hapo imesajili zaidi ya kampuni 1,000.

Kwa uhuru wa kupanga bei ya bima ya gari, anayetajwa sana ni Illinois. Tangu mwaka 1971 haimlazimishi yeyote kuomba kibali cha bei. New Hampshire ina rekodi mbili zinazochekesha zikiwekwa pamoja: ilikuwa ya kwanza kuwa na kamishna wa bima, mwaka 1851, na leo ndiyo jimbo pekee lisilomlazimisha dereva wa kawaida kukata bima.

Rekodi isiyotamaniwa ni ya Florida. Kimbunga Andrew cha Agosti 1992 kiliangusha kampuni 11 za bima, nyingine zikaanza kukimbia. Mwaka 2002 jimbo likaunda kampuni yake, Citizens, iwe kimbilio la mwisho. Kuna nyakati kimbilio hilo limekuwa na wateja zaidi ya milioni moja, yaani la mwisho limekuwa la kwanza.

Mimi nikipewa mtaji, kampuni ningeisajili Vermont. Nyumba yangu ningeikatia bima kwa warithi wa Eliphalet Terry.