Utegemezi Usiotangazwa: Mgongano wa Matoleo katika Seva za Linux Zinazoendesha DHIS2

Programu iliyomo katika seva ya Linux haijitoshelezi. Vifurushi vingi hutegemea vifurushi vingine, mara nyingi vya matoleo mahususi. Katika Debian na Ubuntu, kazi ya kuoanisha matoleo hayo hufanywa na APT, ambayo husoma matamko ya kila kifurushi kuhusu kile kinachohitaji na kile kisichopatana nacho. Matamko yanapopingana, APT hukataa kusakinisha. Huo ni mgongano ulio bayana. Makala haya yanajadili mgongano wa aina ya pili, ambao APT haiuoni.

Mfano wake ni DHIS2, mfumo unaotumika Tanzania kukusanya taarifa za MTUHA. Takwimu za wajawazito, chanjo na malaria kutoka vituo vya Kinondoni na Temeke hujumuishwa kila mwezi na kuingizwa humo. DHIS2 imeandikwa kwa Java na huendeshwa na Tomcat. Hata hivyo, kwa kawaida haisakinishwi kama kifurushi cha APT. Huwekwa kama faili moja ndani ya saraka ya Tomcat. Hivyo, mahitaji yake hayamo katika kumbukumbu za APT.

Athari yake huonekana mfumo endeshi unapobadilishwa. Ghala la Ubuntu 22.04 lina seva ya Tomcat 9. Katika Ubuntu 24.04, iliyotolewa Aprili 2024, nafasi hiyo imechukuliwa na Tomcat 10. Toleo la 9 limebakiziwa maktaba tu. Tofauti hiyo si ya namba pekee. Tomcat 10 ilibadilisha majina ya maktaba za msingi kutoka `javax` kuwa `jakarta`, ilhali matoleo ya DHIS2 yaliyotangulia toleo la 42 hutumia majina ya awali. Msimamizi anaweza kukamilisha uhamisho bila onyo la mgongano, kisha akakuta DHIS2 haiwaki na taarifa za vituo haziingii.

Utatuzi, basi, huanzia kwenye mahitaji ya programu. Msimamizi hubainisha kwanza matoleo ya Java na Tomcat yanayotakiwa na DHIS2 yake, ndipo achague mfumo endeshi. Amri ya `apt-cache policy` humwonesha toleo lililopo ghalani, na `apt-get -s` huigiza mabadiliko bila kuyatekeleza. Amri ya `apt-mark hold` huzuia kifurushi kisibadilike, lakini huzuia pia marekebisho ya usalama. Haifai kuwa suluhisho la kudumu. Palipo na programu zenye mahitaji yanayopingana, njia imara zaidi ni kuipa kila moja kontena lake lenye maktaba zake.

Kwa kuwa APT haiwezi kuthibitisha upatanifu huu, uthibitisho hutokana na majaribio: nakala ya hifadhidata huwekwa katika seva ya pembeni na DHIS2 kuwashwa humo, kabla seva inayopokea taarifa za mwezi haijaguswa.