Tusimwandike Mtoro Kabla ya Kumwuliza

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yaliyoingia katika majalada ya ofisi na kukaa humo bila ya kuulizwa hati zao, limo moja ambalo tunaona umefika wakati wa kulizungumza. Neno hilo ni "abscond". Maana yake ni kuondoka ghafla au kwa siri, na kujificha ili mtu asipatikane. Mara nyengine huonekana ndani ya barua ya Kiswahili vile vile lilivyo, limevishwa viambishi vya kwetu, na mwandishi wake akadhani kazi imekwisha: fulani "ame-abscond", basi jalada lifungwe.

Hatuna ugomvi na maneno ya kigeni. Kiswahili kilipokea meza kwa Wareno, karatasi kwa Waarabu na skuli kwa Waingereza, na hakikupungukiwa na kitu. Ugomvi wetu ni na neno linalotumika kutoa hukumu kabla ya shauri kusikilizwa.

Tuanze na asili yake. Waingereza walilichukua neno hili kutoka Kilatini katika karne ya 16, na huko Kilatini maana yake ilikuwa kuweka kitu mbali na macho ya watu, yaani kukificha. Kwa hivyo uzito wake hauko katika kuondoka bali katika kuficha. Ndiyo sababu wanasheria wa Uingereza walilikumbatia. Mwaka 1870 Bunge lao lilipitisha sheria mahsusi juu ya wadaiwa wanaokimbia madeni. Aidha, Sheria ya Dhamana ya nchi hiyo ya mwaka 1976 inalitia kosa hili juu ya mtu aliyeachiwa kwa dhamana, kisha akakosa kujisalimisha mahakamani bila ya sababu ya maana. Wasomaji wetu wayaangalie vizuri maneno hayo ya mwisho: bila ya sababu ya maana. Hata wenye lugha yao, walipolipeleka neno hili mahakamani, waliona lazima sababu iulizwe kwanza. Sisi tuliolichukua kwao tumebeba kosa na kuacha sharti lake.

Isitoshe, lugha yetu haikuwa na njaa katika jambo hili. Tunayo kuhepa, kwa anayekwepa kazi kwa muda. Tunayo kutoweka, kwa asiyejulikana alipo. Tunayo kutokomea, kwa aliyekwenda mbali asitarajiwe kurudi. Tunayo kuponyoka, kwa aliyetoka katika mikono iliyomshika. Tunayo kuhajiri, kwa aliyehama nchi. Na tunayo kutoroka, ambalo limezaa kutorosha na kutoroshwa. Hapo Kiswahili kinamshinda Mwingereza na neno lake hilo, kwa sababu kinatulazimisha tuseme nani aliyemwondoa nani. Msichana mdogo aliyechukuliwa na mtu mzima kutoka kwa wazazi wake hakutoroka. Ametoroshwa, na mahakama zetu zinaijua tofauti hiyo. Ofisa anayeandika neno moja la Kiingereza kwa wote wawili amemweka mkosaji na mkosewa katika mstari mmoja.

Neno mtoro lenyewe lina historia ambayo hatuna budi kuikumbuka. Katika karne ya 19, mwambao mzima, mtoro lilikuwa jina la mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Watoro walijenga vijiji vyao, na kimoja kilichojulikana sana ni Fuladoyo, katika bara ya nyuma ya Malindi. Wengine walikimbilia misheni ya Rabai, karibu na Mombasa. Mabwana walipodai mali yao, Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki ilikubali kulipa fidia, na tarehe 1 Januari, 1889, watu wapatao 1,400 walipewa hati za uhuru. Ieleweke vyema: aliyelipwa ni bwana. Kwa sheria ya siku hizo aliyekosewa ni mwenye shamba aliyepotelewa na mtumwa, si mtumwa aliyepotelewa na umri wake. Hapa Unguja soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na amri ya kuufutia utumwa nguvu ya sheria, kwa Unguja na Pemba, ilitoka mwaka 1897. Utumwa ulifutwa, mtazamo wa kumsikiliza aliyeachwa bila ya kumsikiliza aliyeondoka haukufutwa pamoja nao.

Wakoloni waliuendeleza. Kule Kenya, sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kuchukua kipande, ambacho wengi walikivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Humo mwajiri aliandika siku ya kuanza kazi na siku ya kuachishwa. Aliyeondoka kabla ya kutiliwa saini aliweza kusakwa na kushitakiwa kama mhalifu. Kama alipigwa au hakulipwa mshahara, kikasha kile hakikuwa na nafasi ya kuyaandika hayo.

Ndugu wasomaji, tusidhani kuwa hayo ni mambo ya kale tu. Leo wako dada na binti zetu wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba, zikiwemo Omani, ambayo tuna udugu nayo wa karne nyingi, na Falme za Kiarabu. Wengi wao wanarudi salama na chumo lao la halali, na hilo tunalishukuru. Lakini katika nchi kadhaa za huko kibali cha mfanyakazi wa nyumbani kimefungamanishwa na mwajiri wake, na akitoka katika nyumba ile bila ya ruhusa mwajiri anaweza kupeleka taarifa kwa wakubwa. Taarifa hiyo, inapoandikwa kwa Kiingereza, hubeba neno lile lile tunalolizungumza. Tangu hapo mwanamke yule ni mkosaji wa kibali; anaweza kukamatwa na kurudishwa kwao. Mnamo Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya wafanyakazi wa Tanzania waliokuwa Omani na Falme za Kiarabu. Humo yalielezwa mambo ya pasi kuzuiwa na waajiri, saa za kazi zisizokuwa na mwisho, mishahara kukatwa au kutolipwa, na vipigo. Panapofuka moshi pana moto. Mtu aliyetoka usiku mikono mitupu, pasi yake imo kabatini kwa mwengine, hakuficha kitu. Yeye ndiye aliyefichwa.

Mkataba nambari 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unasema kuwa mfanyakazi wa nyumbani ana haki ya kukaa na hati zake za safari. Haki hiyo ikiheshimiwa, wengi wa wanaoitwa watoro wangeaga mlangoni na kuondoka mchana.

Nchini Saudi Arabia taarifa kama hiyo huitwa kwa Kiarabu "huruub", yaani kukimbia. Sisi tuliopita chuoni tunajua kuwa Kiarabu hicho hicho kina neno jengine, nalo ni hijra. Mtume (S.A.W.) alipotoka Makka mwaka 622 aliondoka kwa siri, akajificha katika pango la Thawr, na maadui walikuwa nyuma yake wakimsaka. Hatulinganishi daraja ya safari ile na safari nyengine yoyote. Tunasema tu kwamba usiku ulikuwapo, siri ilikuwapo na wasakaji walikuwapo, wala hakuna Muislamu anayeita ule utoro, kwa sababu dhuluma iliyomtoa inajulikana. Basi sababu ndiyo inayolipa tendo jina lake.

Turudi nyumbani. Pemba, wakati wa uchumaji wa karafuu, viti vya baadhi ya madarasa hubaki vitupu, na mwalimu huandika "mtoro". Je, mtoto yule kahepa masomo, au kapelekwa shambani na mzee wake? Ikiwa ni la pili, wa kuitwa na kuzungumzwa naye ni mzee. Kadhalika muuguzi aliyeacha kituo chake kisiwa cha mbali, asiulizwe tu kaenda wapi. Iulizwe pia nyumba aliyoahidiwa iko wapi.

Hatusemi kuwa watoro hawapo. Mtunza fedha aliyebeba akiba za wanachama akapanda boti ya alfajiri, ametoroka, na neno la Kiingereza linamkaa sawasawa: ameficha fedha na amejificha mwenyewe. Mtu huyo asionewe haya. Asakwe, arudishwe, na asomewe mashitaka yake, kwani mbio za sakafuni huishia ukingoni. Lakini tukimwita mwizi huyu na yule aliyekimbia kipigo kwa jina moja, tunamsitiri mwizi na kumwaibisha mdhulumiwa.

Rai yetu kwa viongozi na maofisa wetu, kuanzia skuli mpaka wizarani, ni nyepesi. Kabla ya kuandika neno hilo katika jalada, na yaulizwe mambo matatu na majibu yake yaandikwe: huyu mtu amechukua nini kisichokuwa chake, alikuwa anakimbia nini, na je, alikuwa na mlango wa kuaga akasikilizwa? Asiyekuwa na majibu hayo aandike kwa Kiswahili kile anachokijua tu: fulani hakuonekana kazini tangu tarehe kadhaa. Sentensi hiyo ni ya kweli, na haimfungii mtu mlango wa kurudi.

Na ninyi wazee mnaopokea simu ya usiku kutoka ng'ambo, mkiambiwa kuwa binti yenu ametoroka, msianze kwa kuona aibu. Anzeni kwa kuuliza yuko wapi, na pasi yake anayo nani.