Chujio la Tangi la Samaki: Pima Kabla ya Kununua

Wakazi wengi wanaoanza kufuga samaki wa mapambo nyumbani huwapoteza katika wiki chache za mwanzo, kisha lawama humwendea muuzaji. Mara nyingi kinachowaua ni amonia, sumu itokayo kwenye kinyesi chao na chakula kilichobaki. Haina rangi, maji yanaweza kuwa maangavu na bado yakaua.

Kwa hivyo chujio si la kunasa takataka tu. Ndani ya sponji yake huishi bakteria wanaoivunja amonia. Huchukua mwezi mmoja au zaidi kuongezeka vya kutosha, basi anza na samaki wawili watatu.

Kabla ya kwenda dukani, zidisha urefu, upana na kina cha tangi kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000. Tangi la 60 kwa 30 kwa 30 hubeba lita 54. Pampu ipitishe maji hayo angalau mara nne kwa saa, yaani lita 216. Ni afadhali kununua ya lita 300, kwani nguvu hupungua sponji ikianza kuziba. Samaki wa dhahabu huchafua maji sana, mwongezee. Beta hapendi mkondo mkali, sponji ya pampu ya hewa inamtosha.

Usioshe sponji kwa maji ya mfereji, kwani klorini huua bakteria hao. Ikamue ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa kwenye tangi. Stima ikipotea, usiwalishe samaki hadi irudi.