Mtoto Hana Presha, Dawa ya Presha ya Nini?

"Daktari, mwanangu hana presha. Mbona mmempa dawa ya presha?" Nimeulizwa hivyo na wazazi wa Manyoni, wa Iramba, wa Ikungi na wa hapa mjini Singida, na karibu kila mara swali hufika limechelewa. Dawa imeshaachwa miezi kadhaa kwa sababu shangazi alisoma karatasi iliyomo ndani ya boksi, au muuza duka la dawa alishtuka kuona jina la mtoto wa miaka 10. Nalijibu hapa ili mzazi alisome kabla hajaitupa dawa.

Nawazungumzia watoto wa kiume wenye ugonjwa wa Duchenne. Huenda hulijui jina, lakini mtoto unamjua: alichelewa kutembea, anaanguka ovyo, akitaka kuinuka hujikongoja kwa kushika mapaja yake mwenyewe, na mashavu ya miguu yake yamejaa kama ya mcheza mpira. Anakosa distrofini, protini inayozilinda nyuzi za msuli zisichanike kila zinapojikunja na kunyooka. Wazazi huitazama miguu. Mimi nautazama moyo, kwa kuwa nao ni msuli, na ndio unaowaua wengi.

Mwili wa kila mtu hutengeneza peptidi iitwayo angiotensini ya pili. Kazi yake inayojulikana ni kubana mishipa ya damu na kupandisha presha. Inayo kazi nyingine isiyoonekana kwenye mashine ya presha: huchochea seli zinazotengeneza kovu. Katika moyo usio na distrofini nyuzi hufa kidogo kidogo, na angiotensini huhimiza kovu lichukue nafasi zao. Kovu halisukumi damu. Enalaprili na dawa za jamii yake huzuia kimeng'enya kinachoizalisha peptidi hiyo, na losatani huizuia isifanye kazi yake. Mtoto anapewa dawa kwa ajili ya kovu, hata kama presha yake iko sawa kabisa.

Denis Duboc na wenzake nchini Ufaransa walilipima jambo hili kwa watoto 57 ambao mioyo yao ilikuwa bado inafanya kazi vizuri. Kundi moja lilianza perindoprili, dawa ya jamii ya enalaprili, mara moja; lingine lilipewa vidonge visivyo na dawa kwa miaka 3, kisha nalo likaanzishiwa dawa ile ile. Mwaka wa 5 ulipotimia, mtoto mmoja tu wa kundi la kwanza ndiye aliyekuwa na nguvu ya moyo chini ya asilimia 45. Katika kundi la waliochelewa walikuwa 8. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005, na miongozo ya kimataifa ya 2018 inataka dawa ianze kabla mtoto hajapita miaka 10, hata kipimo cha moyo cha eko kikiwa safi. Kusubiri moyo uchoke kwanza ndiko kuchelewa kwenyewe.

Sasa niseme linaloniudhi zaidi: imani kwamba "damu haifiki miguuni" au "damu mbaya imekwama." Kwa imani hiyo watoto wanapigwa chuku, wanachanjwa chale, wanakandwa kwa mafuta ya moto hadi walie, wanafukiwa mchangani hadi kiunoni, wananyweshwa unga wa "kufungua mishipa" kutoka kwenye chupa isiyo na lebo. Shavu la mguu lililojaa halina damu iliyokwama. Limejaa mafuta na kovu. Chuku inatoa damu ya ngozi, basi. Inaacha vidonda, na mtoto anayetumia prednisoloni, dawa ya steroidi ya ugonjwa huu, vidonda vyake hupona polepole na kuambukizwa upesi. Kumkanda kwa nguvu mtoto ambaye nyuzi zake huchanika kwa kupanda ngazi tu ni kumwumiza.

Najua nitajibiwa kwamba kuna ukweli ndani yake. Upo. Distrofini hukishikilia kimeng'enya kinachotoa nitriki oksidi, gesi inayoiweka wazi mishipa ya damu wakati msuli unafanya kazi. Ikikosekana, msuli unaofanya kazi hupata damu pungufu. Watafiti waliliona hilo wakalijaribu kwa uzito wote: tadalafili, dawa inayofungua mishipa kwelikweli, kwa wavulana 331, kwa wiki 48. Mwaka 2017 jibu likatoka. Uwezo wa kutembea wa waliopewa dawa ulipungua sawasawa na wa wale ambao hawakupewa. Mishipa ilifunguliwa na miguu haikupona. Anayekuuzia unga wa kufungua mishipa anakuuzia kitu kilichokwisha kushindwa, tena kwa dozi asiyoijua yeye mwenyewe.

Ya kufanya ni haya. Mtoto wa kiume aliyechelewa kutembea apimwe kimeng'enya cha misuli, CK. Vipimo vya ini vikiwa juu, usikubali aanze kutibiwa ini kabla hicho hakijapimwa. Prednisoloni hurefusha miaka ya kutembea, na haiachwi ghafla. Kunyoosha viungo taratibu kila siku, ndiyo. Mazoezi ya kulazimishwa, hapana. Eko kila mwaka: Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma, au madaktari wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete wanapokuja mikoani. Kikohozi kikavu kikianza kwa mtoto anayetumia enalaprili, ni kwa sababu kimeng'enya tunachokizuia ndicho kinachovunja peptidi nyingine, bradikinini. Rudi tukubadilishie, usiache kimyakimya. Akitapika au kuharisha sana, simamisha kidonge cha moyo, si prednisoloni, uje kliniki siku hiyo. Akihitaji upasuaji, utaje ugonjwa huu kwa mtoa usingizi kabla hajagusa sindano, maana suksamethoni, dawa ya kulegeza misuli, inaweza kuusimamisha moyo wake. Mama naye apime moyo, kwa kuwa mama wengi wamebeba jeni ya ugonjwa huu, nayo huweza kuudhoofisha moyo wao pia. Akihitaji dawa hizi za moyo, ajue kwamba hazimezwi akiwa mjamzito.