Kwa nini hasira ya vijana inawaka upesi katika mji wa dhahabu kama Mongbwalu

Sisi wakristo wa mashariki tumeizoea mno picha moja. Asubuhi matairi yanachomwa barabarani, maduka hayafunguliwi, vijana wanarusha mawe na askari wanafyatua risasi. Jioni kuna maiti na kuna mama anayelia. Jumapili inayofuata tunaomba kwa ajili ya utulivu, halafu kila mmoja anarudi kwenye kazi yake mpaka siku nyingine kama hiyo.

Tuliiona Beni tarehe 25 Novemba 2019. Raia walikuwa wameuawa usiku katika karitie ya Boikene, na kulipokucha vijana walichoma jengo la meya na kuvamia kambi ya MONUSCO. Tuliiona tena Julai 2022, ilipoanzia Goma ikaenea Butembo na kwingineko. Safari hiyo watu zaidi ya 30 walikufa, wakiwemo walinda amani wa Umoja wa Mataifa.

Kila mara tunasikia maelezo mawili. Wengine wanasema vijana wamekosa adabu. Wengine wanasema wametumwa na wanasiasa. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, lakini hayajibu swali kubwa: kwa nini neno la mtu mmoja linawasha mji mzima, na siku nyingine neno lile lile halisikilizwi na mtu? Tumeona vema kulitafuta jibu Mongbwalu, katika teritware ya Djugu, kilomita zipatazo 80 kutoka Bunia. Katika mji huo sababu nyingi zinazotajwa kwingineko zinakutana mahali pamoja.

Cheche na nyasi kavu

Jambo hili si la Kongo peke yake. Mwaka 1967 miji mingi ya Marekani iliwaka moto. Detroit peke yake ilipoteza watu 43 katika siku chache za Julai, na chanzo kilikuwa polisi kuvamia baa moja iliyofanya kazi usiku bila kibali. Rais Johnson aliunda tume chini ya gavana Otto Kerner ili ichunguze sababu. Ripoti yake ya mwaka 1968 ilitofautisha cheche na nyasi kavu. Cheche mara nyingi ilikuwa tendo dogo la polisi. Nyasi ilikuwa ukosefu wa kazi, nyumba mbovu, na malalamiko ya miaka mingi ambayo hakuna ofisi iliyoyapokea.

Tume hiyo iligundua pia jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Kijana aliyeingia barabarani mara nyingi hakuwa mgeni, wala hakuwa yule aliyekosa shule kabisa. Alikuwa mzaliwa wa mji huo, na elimu yake ilizidi kidogo ile ya jirani aliyebaki nyumbani. Alijua vizuri anachokikosa.

Tunaomba msomaji aliweke neno hilo moyoni tunaporudi Ituri. Kwenye karieri za Mongbwalu kuna vijana wenye diplome ya Serikali wanaobeba mifuko ya mchanga. Wazazi wao waliuza mbuzi na kukopa pesa ili wamalize shule. Waliahidiwa kwamba shule ni mlango, na sasa wanasimama ndani ya maji ya matope pamoja na wenzao wasiojua kusoma, wakigawana nao shimo moja na deni moja.

Dhahabu inapita

Dhahabu ya Ituri ilijulikana kwa wazungu mwaka 1903. Tangu hapo Kilo na Moto yakawa majina makubwa. Wakati wa ukoloni wa Kibelgiji watu wa vijiji walichukuliwa kwa nguvu kwenda kuchimba, na wengine kubeba chakula cha wachimbaji. Baada ya uhuru kampuni ya Serikali, iliyoitwa OKIMO na baadaye SOKIMO, ilishika migodi hiyo. Kisha kampuni kubwa ya kigeni, AngloGold Ashanti, ilifanya utafiti mrefu Mongbwalu, na watu walingojea ajira. Mwaka 2013 ilisimamisha mradi kabla ya kuanza kutoa dhahabu. Ajira zilizongojewa hazikuja.

Waliobaki ni wachimbaji wa mkono, na hapa kuna fundo ambalo wengi nje ya Ituri hawalijui. Sheria ya madini inataka mchimbaji awe na karata, awe ndani ya kooperativi, na achimbe katika eneo ambalo Serikali imelitenga kwa ajili ya wachimbaji wadogo. Lakini kuzunguka Mongbwalu, sehemu kubwa ya ardhi yenye dhahabu imekuwa kwa muda mrefu ndani ya hati za kampuni. Basi kijana anayechimba mahali babu yake alipozikwa anahesabiwa kuwa mvamizi. Na mtu anayehesabiwa kuwa mvamizi, kila mwenye sare anaweza kumdai kitu. Analipa kwenye barieri, analipa penye shimo, na hapewi karatasi.

Shimo lenyewe nalo lina deni lake. Mwenye shimo, yule tunayemwita PDG, anatoa chakula, mbao, pampu na mafuta. Vijana hawapati mshahara. Wanangojea sehemu yao siku dhahabu itakapoonekana, baada ya gharama kuondolewa. Shimo likiwa tupu kwa miezi mitatu, wanatoka na deni la miezi mitatu. Wengine wanahama karieri ili kulikimbia, na wanakopa tena wanakofika.

Wakati huo huo, kila kijana mwenye simu anajua bei ya dunia. Mwaka 2025 dhahabu ilipita dola 4,000 kwa aunsi moja, yaani gramu 31 hivi. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeeleza mara nyingi jinsi dhahabu ya Ituri inavyovuka mpaka kwa magendo kwenda Uganda na kufika Dubai. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema kwamba katika mrabaha wa madini, asilimia 15 iende kwa komine au sheferi madini yanapotoka. Inasema tena kwamba kampuni itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Lakini mrabaha huo unatokana na dhahabu ya kampuni iliyoandikwa vitabuni. Dhahabu inayotoka usiku mfukoni haijengi shule wala haitengenezi barabara ya Bunia.

Umaskini peke yake hauwashi moto. Viko vijiji maskini kuliko Mongbwalu vinavyokaa kimya. Kinachochoma moyo wa kijana wa Mongbwalu ni kuona mali ikipita mbele ya macho yake kila siku, huku yeye akilala na njaa.

Vita, na mlango uliofungwa

Lazima tuongeze damu kwenye hesabu hii. Kati ya 2002 na 2003 makundi ya UPC na FNI yalipigania Mongbwalu kwa sababu ya dhahabu yake. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu raia wasiopungua 2,000 waliouawa katika eneo hilo kati ya Juni 2002 na Septemba 2004. Mwishoni mwa 2017 vita ilirudi Djugu. Tarehe 8 Mei 2022 watu zaidi ya 30 waliuawa kwenye mgodi wa Camp Blanquette, karibu na Mongbwalu, katika shambulio lililohesabiwa kuwa la CODECO. Waliokuwa wakichimba hapo walikuwa watafuta riziki, si askari.

Vita inawasukuma watu wa vijiji kuingia mjini. Kijana aliyekuwa na shamba la mihogo leo anapanga chumba na wenzake sita na kugombea shimo na wenyeji. Mji unajaa watu wenye msiba ambao hawajapata mahali pa kuulilia.

Mtu mwenye msiba na deni anaupeleka wapi mzigo wake? Burgumestri hachaguliwi na wakazi, anateuliwa. Tangu Mei 2021 Ituri imekuwa chini ya utawala wa kijeshi, ule tunaouita état de siège. Gavana ni jenerali, na bunge la jimbo lilisimamishwa. Watu walikubali hayo kwa matumaini ya amani. Lakini kijana anayetaka kulalamika juu ya barieri anaona kwamba ofisi anayopaswa kwenda na barieri anayoilalamikia zote ziko mikononi mwa watu wenye bunduki.

Tena anaona jambo jingine. Mwaka 2020 Rais Tshisekedi alituma wakuu wa zamani wa makundi ya silaha waende kuzungumza na CODECO, na baadaye ujumbe mwingine ukafuata. Hatusemi mazungumzo ni mabaya. Roho za watu zinastahili kila juhudi. Lakini kijana ambaye hajawahi kushika silaha anajifunza somo baya: aliyeua anatumiwa wajumbe, na aliyeandika barua hajibiwi. Kwa hiyo siku mwenzake anapouawa, barabara inakuwa ofisi pekee iliyo wazi.

Na barabara ya Ituri ina hatari ambayo Detroit haikuijua kwa namna hii. Hasira iliyoanza dhidi ya mwenye sare inaweza kufikia jioni imegeuka dhidi ya jirani mwenye kabila lingine. Wako wanaongojea saa hiyo ili kuwapa vijana bunduki. Anayechoma duka la jirani anatenda uovu, na hatutaufunika uovu huo kwa maneno mazuri. Kueleza sababu ya moto si kuubariki.

Kanisa liko wapi

Katika kitabu cha Nehemia, sura ya tano, kuna habari inayofanana na yetu kwa kutisha. Watu na wake zao walipiga kelele kwa sababu ya njaa na madeni. Walikuwa wameweka rehani mashamba yao, na watoto wao walikuwa wanaingia utumwani. Waliowakopesha walikuwa ndugu zao wenyewe, watu wa ibada moja. Nehemia aliposikia alikasirika, akafikiri moyoni mwake, kisha akaitisha mkutano mbele ya wakubwa na kudai mashamba yarudishwe. Hakuanza kwa kuwaambia wenye njaa wanyamaze.

Hapo ndipo neno hili linapotugusa sisi. Kijana aliyerusha jiwe huenda Jumapili iliyopita aliimba katika kwaya yetu. PDG anayemdai anakaa kiti cha mbele, na sadaka yake ndiyo iliyoezeka paa. Mfanyabiashara anayepima dhahabu kwa mizani isiyo sawa ni baba wa ubatizo wa mtoto wa mtu. Askari wa barieri naye anasali. Kanisa ni mahali pachache ambapo watu hawa wote wanaketi chini ya paa moja, na mara nyingi hatuwaambiani lolote juu ya dhahabu.

Hatuna uwezo wa kubadilisha hati za migodi wala bei ya Dubai. Lakini yako mambo ambayo kila parokia inaweza kuyaanza kabla ya cheche nyingine. Wazee wa kanisa waketi na vijana wa karieri kwa siku iliyopangwa kila mwezi, wasikilize, na waandike malalamiko yenye tarehe na mahali, bila majina yatakayomhatarisha mtu. Wachungaji wa madhehebu yote wayapeleke pamoja kwa burgumestri na kwa gavana, maana kijana akienda peke yake anaweza kukamatwa. Ma-PDG walio wakristo waitwe pamoja, waulizwe kwa upendo na kwa uwazi juu ya deni la shimo: linaandikwa wapi, nani analiona, linakwisha lini? Na pale kampuni inapotakiwa na sheria kukubaliana na wenyeji kwa maandishi juu ya maendeleo yao, kanisa liombe nakala na kuwasomea watu kwa Kiswahili.

Tena tuwazike wafu wao kwa heshima. Kijana anayeuawa kwenye mgodi mara nyingi anafukiwa haraka na wenzake, na hakuna anayetaja jina lake katika ibada. Tukilitaja, mama yake atajua kwamba kuna nyumba moja mjini inayojua kwamba mwanawe aliishi.

Tusipofanya hayo, wengine watawasikiliza vijana wetu mahali petu, na wengi wao wanakuja na silaha. Tunawaomba ndugu wa Mongbwalu, wa Bunia na wa miji mingine ya mashariki walizungumze jambo hili katika vikao vyao vya wazee mwezi huu, vijana wenyewe wakiwa ndani ya chumba. Bwana atupe masikio.