Je, Ilimu ya Jamii ni Khatari kwa Vijana Wetu?

Wazazi wengi wametujia na swali moja: je, yafaa kijana wa Kiislamu kusoma ilimu iitwayo sosiolojia, yaani ilimu ya maisha ya jamii? Wengine husema kuwa ilimu hii huwafundisha watoto kuidharau dini na mila za wazee wao. Sisi hatukupenda kulijibu jambo tusilolijua. Basi tukaazimia kuisoma wenyewe.

Masomo yetu ni ya Qurani na ya shule ya msingi tu, na umri wetu umepita miaka 50. Lakini zama hizi darasa huja nyumbani kwa njia ya intaneti. Mwaka 2012 Profesa Mitchell Duneier wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, alifundisha utangulizi wa ilimu hii kwa njia hiyo, na watu wapatao 40,000 wakajiandikisha. Nasi tulijiandikisha somo la namna hiyo. Kila usiku baada ya sala ya Isha twalikaa na binti yetu, simu ikiwa mbele yetu. Mwalimu akisema kwa Kiingereza, binti akitufasiria, nasi tukiandika daftarini. Mtihani wa kwanza tulikosa maswali sita katika kumi, tukataka kuacha. Binti akatuambia kwa adabu, "Baba, si wewe uliyetufundisha kuwa aonaye haya kuuliza hatajua?" Tukanyamaza, tukalirudia somo.

Lililotushughulisha zaidi ni fikira ya mwanachuoni wa Kimarekani, C. Wright Mills, katika kitabu chake cha mwaka 1959, The Sociological Imagination. Yeye apambanua baina ya taabu ya mtu mmoja na jambo la watu wote. Akikosa kazi mtu mmoja katika mji wa watu 100,000, yafaa kuitazama tabia yake na ustadi wake. Lakini wakikosa kazi watu milioni 15 katika taifa lenye wafanya kazi milioni 50, haitoshi kuwaita wote wavivu. Hapana budi litazamwe taifa lenyewe lilivyopangwa.

Maneno haya yalituchoma. Katika madrasa yetu wako watoto waliokuwa wakikosa darasa la alasiri. Kila mmoja tulimwita peke yake tukamkaripia, wengine tukawapiga bakora, na mvulana mmoja tukamfukuza kwa ukaidi. Baada ya somo lile tulilifungua daftari la mahudhurio, tukaandika majina ya wakosaji wote pamoja, na mbele ya kila jina mtaa wake. Walikuwa 14, na katika hao 11 walitoka mtaa mmoja. Tukaenda huko kwa miguu wakati wa alasiri, tukawakuta kwenye foleni ya ndoo. Bomba la mtaa ule hutoa maji saa hizo tu, na mama zao wako sokoni wakitafuta riziki.

Tulikwenda nyumbani kwa yule mvulana tukamwomba radhi mbele ya mama yake. Mama akasema, "Maalim, ungaliuliza tu, tungalikwambia." Hatukuwa na jawabu. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Hujurat ametuamrisha tujiepushe na dhana nyingi, na aya hiyo tumeisomesha miaka 30, na huku tukiwadhania watoto vibaya. Darasa lao sasa ni baada ya Magharibi, na mvulana yule amerudi.

Wala ilimu hii si ngeni kwa Waislamu. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kufariki Cairo mwaka 1406, aliandika Muqaddima mwaka 1377. Humo alieleza habari za asabiyya, yaani mshikamano wa watu, na jinsi dola zinavyoinuka kwa mshikamano huo na kudhoofika kwa anasa. Jina la sosiolojia lilienezwa na Mfaransa Auguste Comte katika karne ya 19.

Ama khatari, ipo. Wako mabingwa wa ilimu hii, kama Émile Durkheim, walioitazama dini kuwa ni zao la jamii yenyewe. Kijana akifika hapo asiachwe peke yake. Afahamishwe kuwa ilimu hii huchungua namna watu wanavyoishi pamoja, na kwamba haina mizani ya kupimia wahyi.

Profesa Duneier mwenyewe aliliacha darasa lake la intaneti mwaka 2013, akikhofu kuwa serikali za majimbo zitapata kisingizio cha kuvipunguzia vyuo fedha. Nasi twawausia wazazi: simu isiwe kisingizio cha kumwacha mtoto bila ya mwalimu wala mzazi. Wasome vijana wetu, na wazazi wakae nao, kama binti yetu alivyokaa nasi.

Mwenyezi Mungu atuzidishie ilimu yenye manufaa. Amin.