Kufundisha Mboji: Funzo kutoka Indore

Mwalimu anayefundisha somo la mboji kwa ubao na chaki peke yake huwaachia watoto neno bila kitu. Lakini mwalimu anayekwenda shambani bila kuelewa sababu za mambo naye huweza kupotosha. Hayo yalitupata sisi wenyewe tulipokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Tuliwaamuru watoto wafukie mabua makavu katika shamba la shule, tukapanda mahindi wiki ile ile. Mahindi yaliota, kisha yakawa ya manjano na kudumaa. Mzee mmoja, mzazi wa mwanafunzi, akatuuliza kwa upole: "Mwalimu, kumbe mbolea yenu huua mahindi?" Hatukuwa na jibu.

Jibu lilikuwa limekwisha kupatikana zamani. Albert Howard, mtaalamu wa mimea kutoka Uingereza, alianza kazi Pusa, nchini India, mwaka 1905. Mwaka 1924 alihamia Indore, na huko, pamoja na mkewe Gabrielle, aliyekuwa pia mtaalamu wa mimea, na mkemia Yeshwant Wad, alichunguza namna ya kugeuza takataka za shamba kuwa mboji. Howard hakudai kuwa amebuni jambo jipya kabisa. Alijifunza kwa wakulima wa India na kutoka maandishi juu ya kilimo cha China. Kazi yake ilikuwa kupima, kulinganisha na kuweka utaratibu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1931, na kufikia mwaka 1933 njia hiyo ilikuwa imeanza kutumika katika kilimo cha kahawa karibu na Nairobi.

Kiini cha utafiti huo ni hiki. Takataka huozeshwa na viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Viumbe hivyo huhitaji kaboni ili kupata nguvu, na naitrojeni ili kujenga miili yao. Kipimo kinachofaa ni sehemu 30 hivi za kaboni kwa sehemu 1 ya naitrojeni. Mabua makavu yana kaboni nyingi mno na naitrojeni kidogo. Yakifukiwa mabichi, yaani kabla hayajaoza, viumbe hivyo huichukua naitrojeni iliyomo udongoni, na mmea hubaki na njaa. Hiyo ndiyo sababu mahindi yetu yaligeuka manjano.

Basi, biwi la mboji hujengwa kwa utaratibu ufuatao:

(a) Tandaza tabaka la mabua na majani makavu yaliyokatwakatwa.
(b) Juu yake weka majani mabichi, kisha samadi, udongo kidogo na jivu kidogo.
(c) Nyunyiza maji mpaka biwi liwe na unyevu, lakini lisilowe chepechepe.
(d) Rudia matabaka hayo, kisha funika biwi kwa nyasi.
(e) Ligeuze baada ya wiki 2, na tena baada ya mwezi 1 na miezi 2, ili hewa ipenye.

Baada ya miezi 3 hivi mboji huwa tayari: nyeusi, laini, yenye harufu ya udongo baada ya mvua. Biwi likinuka vibaya, limekosa hewa; likibaki baridi na kavu, limekosa maji au samadi. Wanafunzi wachomeke kijiti ndani ya biwi na kukichomoa kila baada ya siku chache, waguse joto lake na kuliandika. Wanawe mikono baada ya kazi.

Wakati wa kusubiri, fanya jaribio. Chukua makopo 9 yaliyotobolewa chini. Jaza 3 kwa udongo mtupu, 3 kwa udongo na mboji iliyoiva, na 3 kwa udongo na mabua makavu yaliyokatwakatwa. Panda mahindi, mwagilia maji kwa kipimo kimoja, weka makopo yote juani. Kabla ya mbegu kuota, kila mtoto aandike anavyotazamia. Kisha wapime urefu na rangi ya majani kila wiki kwa muda wa wiki 4. Matokeo yakitofautiana na matazamio, usiyafiche. Hapo ndipo somo linapoanza.

Tahadhari mbili zinafaa. Kwanza, mboji si dawa ya kila kitu. Virutubisho vyake ni vichache kwa uzito na hutoka polepole. Faida yake kubwa ni kulainisha udongo na kuhifadhi maji. Udongo uliochoka sana huenda ukahitaji pia mbolea ya dukani. Pili, usiifanye kazi ya biwi kuwa adhabu ya wachelewaji. Mtoto aliyeadhibiwa kwa jembe hujifunza kulichukia jembe.

Mwaka uliofuata tulirudia kazi ile kwa mboji iliyoiva, na tulimwalika yule mzee aje atazame makopo. Aliyepata kumweleza sababu ya umanjano ule si sisi, bali mjukuu wake.